Kutembea Tango na Konsolata

Ninyi mnaokuja darasani Alhamisi na viatu vipya ndani ya mfuko, mmeniomba mara nyingi niwaandikie hatua zote za tango. Sasa nimestaafu, goti la kulia limekataa kazi, na muda ninao wa kutosha. Lakini kila nikianza kuziandika hizo hatua naona zinaniishia mapema. Kuna ya mbele, ya nyuma, ya pembeni, kuna kuzunguka na kuna kusimama. Baada ya hapo ni namna ya kuzikanyaga tu, na hiyo siwezi kuieleza bila kuwaeleza watu wawili walionifundisha. Kwa hiyo nivumilieni nikipotea njia.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Duka la baba yangu, Mzee Kassimu, lilikuwa Nyamirambo, hapa Kigali, mashine mbili na meza moja ya kukatia vitambaa. Mwaka wa 1990, miezi michache kabla ya vita kuanza, akaingia mama mmoja wa Kizungu, mfupi, mvi zake amezifunga kisogoni, mkononi ana sketi. Aliitwa Donya Marta. Alikuwa Mwajentina, mumewe mhandisi wa maji. Kifaransa alikijua vizuri, Kiswahili alikuwa amekiokota sokoni.

"Hii sketi iko nakataa mguu," akaniambia.

Nikamwomba anieleze. Badala ya kueleza akaivaa juu ya suruali yake pale pale, akarudi kinyumenyume kati ya mashine na meza, hatua nne, bila kugeuza kichwa. Mguu ulikwenda nyuma kwanza peke yake, mrefu, ukapapasa sakafu, kisha mwili ukaufuata. Hatua ya nne kitambaa kikambana na akasimama. Baba aliacha kukanyaga mashine.

"Unaona?"

"Naona, Mama."

Nikafumua mshono wa upande mpaka juu ya goti, nikaweka pindo la ndani ili akisimama mpasuo usionekane. Jumamosi nikampelekea kwenye ukumbi wa shule moja ya binafsi kule Kiyovu, alikokuwa akifundisha tango kila Jumamosi alasiri. Nilikuta wanawake saba na wanaume watatu. Donya Marta akaipokea sketi, akaitazama, akashukuru, halafu akaitazama miguu yangu.

"Vua viatu," akasema.

Nilidhani ni kwa sababu ya vumbi.

Wa kwanza kunishika mkono siku hiyo alikuwa Konsolata. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga taipu wa ofisi moja mjini, anaishi Gikondo na mama yake. Alinizidi urefu kwa kidole kimoja, na hakuwahi kuacha kunikumbusha.

"Ni wewe fundi?"

"Ndiyo."

"Basi nitembeze kama unavyoshona. Polepole, sha, usiniache na mshono wazi."

Kwa wiki tatu hatukucheza chochote. Tulisimama. Donya Marta alizunguka ukumbini na swali moja: "Uzito wako uko wapi?" Ukijibu "miguu yote miwili," anakusukuma bega kwa kidole na unayumba. Alitaka uzito wote ukae juu ya mguu mmoja, goti limelegea kidogo, mguu wa pili uko huru kiasi kwamba angeweza kuupiga teke dogo ukabembea. Mguu uliosimama ndio unaofanya kazi, alisema. Ule unaokwenda unasafirishwa tu. Mnapojikwaa leo, na mnajikwaa sana, msiutazame mguu uliogonga. Mtazame ule mliouacha nyuma. Utakuwa haukusukuma sakafu.

Baada ya hapo akanifundisha upande wa mwanamke. Miezi minne nilirudi kinyumenyume, Konsolata akiniongoza. Nililalamika. Donya Marta akaniambia kwamba sitajua ninachomfanyia mtu mpaka nifanyiwe. Na kweli, Konsolata akinivuta kwa mkono nilihisi kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Akiniongoza kwa kifua, yaani akisogea yeye mzima nami nikiwa mbele yake, nilijua pa kwenda kabla sijafikiri. Mikono haina kazi ya kusukuma. Mikono inatunza nafasi iliyopo kati yenu.

Nyumbani nilifanya mazoezi uani, asubuhi, kabla ya kufungua duka. Siku moja nimerudi nyuma kutoka bombani mpaka mlangoni, nanyoosha mguu, nakutanisha vifundo vya miguu, nanyoosha tena. Nikasikia mtu amekohoa. Baba alikuwa amesimama na birika la kutawadhia.

"Wewe, umedondosha nini huko nyuma?"

"Hapana kitu, baba."

"Basi geuka uangalie unakokwenda. Wateja watasema mwanangu amerogwa."

Konsolata alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tangu siku hiyo, nikikosea, alikuwa akiuliza kwa sauti ya baba, "Umedondosha nini?" Hakuwahi kuiona sura ya baba, lakini sauti aliipata sawasawa.

Oktoba vita ikaanza mpakani. Wiki ileile watu wengi Kigali walikamatwa, na Konsolata alikuwa mmoja wao, kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Neno lile, Mtutsi, ninyi mmekua bila kuliona kwenye karatasi zenu, na namshukuru Mungu kwa hilo. Walimweka ndani wiki saba. Aliporudi ukumbini alikuwa amekonda, na mkono wake wa kushoto alikuwa haunyanyui vizuri. Hatukumuuliza. Donya Marta alimkumbatia, akaweka kanda, akaniita.

Hapa inabidi nitoke kidogo nieleze mitindo, maana mnanichanganyia kila wiki.

Upo mtindo wa kukumbatiana kwa karibu, kifua kwa kifua, mashavu yanagusana. Hatua ni fupi, kiuno hakizunguki sana, na mnaweza kucheza mahali penye watu wengi bila kumkanyaga mtu. Upo wa ukumbini, ambao kumbatio linafunguka na kujifunga kama mlango wenye bawaba nzuri: mkitembea mko karibu, mkitaka kuzunguka mnaachiana nafasi kidogo. Na upo wa jukwaani, mnakaa mbalimbali, miguu inaruka na kukatana, na watazamaji wanapiga makofi. Yote ni tango, ila usiuchukue wa jukwaani ukauleta kwenye ukumbi uliojaa. Utavunja miguu ya watu.

Mimi nilikuwa kijana, nikataka ule wa makofi. Konsolata, tangu alipotoka kule alikokuwa, alitaka ule wa karibu tu. Nikimfungulia kumbatio, anarudi. Nikamwambia tunafanana na watu waliokwama kwenye mlango.

"Saidi," akaniambia, "mimi huko nje naangalia kutwa nzima. Naangalia nani iko nyuma yangu, nani ananitazama kwenye basi, nani amesimama barabarani. Hapa nataka kufumba macho. Ukiniweka mbali itabidi nifumbue."

Nilimsikia. Nawaambia ukweli, nilimsikia vizuri kabisa, na bado sikuelewa. Nilidhani anaongelea mtindo.

Miaka miwili tulicheza hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi. Darasa lilipungua. Mmoja alihama, mwingine alikatazwa na mumewe, mwingine aliogopa vizuizi vya barabarani. Tulianza mapema zaidi ili kila mtu awahi kurudi kwao. Nilijifunza mambo mengi miaka ile ambayo sasa mnayaona ya kawaida. Kwamba ocho, ile nane mwanamke anayoichora sakafuni, haichorwi na miguu: kifua kinageuka kwanza, nyonga inafuata, mguu unafika mwisho. Kwamba soli ya mpira inaua goti, weka ya ngozi. Kwamba kusimama katikati ya wimbo si kusahau. Konsolata alikuwa akisimama na mimi nasikia pumzi yake inasubiri, na ukumbi mzima unaonekana kusubiri naye.

Mwaka 1993 shule ile ikaandaa sherehe ya wazazi, na Donya Marta akaombwa alete watu wacheze. Akatuchagua sisi. Nikaona saa yangu imefika. Nikamshonea Konsolata gauni la rangi ya zabibu, mpasuo upande wa kushoto, na nikapanga ndani ya mchezo boleo tatu. Boleo, kwa wasiojua, ni hivi: mwanamke anazunguka juu ya mguu mmoja, mwanamume anaukatiza mzunguko na kuurudisha, na mguu ulio huru unachapa hewani kama mjeledi. Inapendeza sana. Lakini inataka mwanamke awe amekwisha kufika juu ya mguu wake. Asipofika, unamzungusha akiwa hana pa kusimama.

"Hizo tatu nyingi," Konsolata aliniambia. "Weka moja, chini, isinyanyuke."

"Watu wanakuja kutazama."

"Wewe unacheza na mimi ama na watu?"

Nikazibakiza zote tatu. Alasiri ya sherehe ukumbi ulijaa wazazi na wageni. Boleo ya kwanza ilikwenda vizuri, watu wakapiga makofi, na makofi yakanilewesha. Ya pili nikaigeuza mapema. Uzito wake ulikuwa bado kati ya miguu miwili. Nilisikia kifundo chake kinapinda, na kabla sijamshika alikuwa chini, gauni limepanda, na mstari wa mbele mtu akacheka. Wengine wakafuata kucheka, si kwa ubaya labda, jinsi watu wanavyocheka mtu akianguka.

Nikamnyooshea mkono. Hakuushika. Aliinuka mwenyewe, akavuta gauni lake, akatoka kwa mlango wa pembeni akichechemea. Mimi nikabaki katikati ya sakafu nikiwa nimenyoosha mkono.

Donya Marta hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uzito wake ulikuwa wapi?"

"Sijui."

"Ndiyo. Hujui."

Konsolata hakuja Jumamosi iliyofuata, wala nyingine nne. Ya sita nilifunga duka nikaenda Gikondo kwa miguu. Nilikuwa nimetunga maneno njiani. Mama yake alinifungulia, akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akaita ndani, "Konso! Yule fundi wa kuangusha watu."

Konsolata akatoka akiwa na mikono ya unga. Maneno yangu yote yakapotea.

"Nilikuona hujafika juu ya mguu wako na nikageuza," nikasema. "Niliona."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka makofi."

Sijui kama nilitegemea anisamehe. Alijifuta mikono kwenye kitenge chake, kidole kimoja kimoja.

"Mtu akiniambia alikosea, naweza kumsahau," akasema. "Mtu akiniambia alijua, inabidi nifikiri. Rudi kwenu. Nikimaliza kufikiri nitakuja."

Alifikiri mpaka baada ya Krismasi. Mimi miezi hiyo nilifanya mazoezi na Donya Marta peke yake, kutembea tu, kumbatio la karibu, hatua fupi, macho ya mwanamke yakiwa yamefumbwa. Alinifundisha kusikia kwa kifua mahali uzito wa mtu ulipo. Haifundishiki kwa maneno; mnisamehe, nimejaribu zaidi ya miaka ishirini. Unasubiri. Unampelekea nia, unasubiri afike, ndipo unakwenda naye. Ukiona umefika kabla yake, umemwacha.

Januari 1994 Konsolata alirudi. Aliingia, akabadili viatu, akasimama mbele yangu. Hakusema amesamehe. Alisema, "Tutembee."

Kuna alasiri moja ya mwezi wa tatu ninayotaka kuwaambia. Mvua ilikuwa inanyesha, tulikuwa wanne tu ukumbini. Kanda ilikuwa imechoka, sauti inalegea hapa na pale. Tulizunguka ukumbi mara tatu, sidhani kama kulikuwa na hatua hata moja ya kumwonyesha mtu. Kutembea, kusimama, ocho mbili ndogo, kutembea. Alikuwa amefumba macho kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na uso wake shavuni mwangu ulikuwa umelegea kabisa, kama wa mtu aliyelala mahali salama. Wimbo ulipokwisha hakuniachia mara moja. Kisha akafumbua macho, akasema kwa Kinyarwanda, "Urakoze." Asante. Akaenda kubadili viatu.

Nimecheza na wanawake wengi tangu wakati huo, wengine mabingwa, Kigali, Bujumbura, Nairobi, na mara moja Ulaya. Wote nawashukuru. Lakini mkiniona nimekaa kwenye kiti changu pembeni nimetazama mvua dirishani, na mmoja wenu ananiita mara mbili bila jibu, mjue niko kwenye alasiri ile.

Mwezi uliofuata ni Aprili. Yaliyotokea nchi hii mnayajua, na wapo wenye haki ya kuyasema kuliko mimi. Nitasema ya nyumba yetu tu. Asubuhi ya pili ya mauaji majirani watatu, mama na watoto wake wawili, waliingia kwa mlango wa uani, na baba akawaweka chumba cha nyuma, nyuma ya marobota ya vitambaa. Mimi nilivaa viatu.

"Unakwenda wapi?" baba akaniuliza.

"Gikondo."

"Kuna vizuizi vingapi mpaka Gikondo?"

"Sijui."

"Na ukirudi naye, kama utarudi, watakufuata mpaka wapi?" Akaelekeza kichwa kwenye chumba cha nyuma. Mtoto mdogo alikuwa anakohoa mle ndani na mama yake amemziba mdomo. "Mwanangu, hawa wako hapa tayari."

Nilikaa chini. Nilivua viatu. Baba akaanza kushona, makusudi, ili kelele za mashine zifunike kikohozi. Tulishona vitambaa vile vile, tukafumua, tukashona tena, wiki baada ya wiki. Wale watatu walipona. Mtoto aliyekuwa akikohoa ana watoto wake sasa. Sijawahi kujuta kwamba nilikaa, na sijawahi kupitisha siku bila kuvaa tena vile viatu kichwani mwangu. Mambo yote mawili ni kweli, na msiniulize ni lipi kubwa.

Nilifika Gikondo mwezi wa saba. Nyumba ilikuwa haina paa. Mama mmoja jirani aliniambia kwamba Konsolata na mama yake waliuawa siku za mwanzo kabisa, pamoja, karibu na nyumbani. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Donya Marta alikuwa ameondolewa na msafara wa wageni wiki ya kwanza. Barua yake ilinifikia mwaka uliofuata. Aliniuliza kama niko hai. Akaandika kwamba siku ya kuondoka alimwomba afisa wa msafara apitie Gikondo kumchukua mwanafunzi wake. Akaambiwa nafasi ni za wageni tu. "Nilimwomba mara mbili," aliandika. "Mara ya tatu sikumwomba. Niambie habari za Konsolata." Ilinichukua miezi sita kumjibu, na jibu lilikuwa mistari minne.

Sikucheza kwa miaka. Kisha watu walianza kurudi nyumbani, waliokulia Uganda, Burundi, Tanzania, Ulaya, na mmoja wao akasikia kuna fundi Nyamirambo anayejua tango. Nikakataa. Akarudi. Nikamwambia vua viatu. Yaliyofuata mnayajua, maana ninyi ndio mliofuata.

Donya Marta alikuja Kigali mara moja tu baada ya hapo, mzee sana, mjane, akitembelea mkongojo. Aliniomba nimpeleke alipolazwa Konsolata. Nikampeleka kwenye makaburi ya pamoja, kwenye ukuta ulioandikwa majina. Hakuweza kuyasoma bila miwani, na miwani alikuwa ameisahau hotelini, kwa hiyo nilimsomea. Jina la Konsolata lilikuwa katikati ya majina ya watu tusiowajua. Aliweka kiganja juu yake. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo yake inacheza, sijui kama alikuwa anasali au anamwambia kitu. Nami nikaona haya kusikiliza, nikageukia upande wa bonde.

Kisha akasema amechoka. Njia ya kurudi inateremka, ina mawe. Akaupitisha mkono wake ndani ya wangu, akauegemeza uzito wake wote, na tukashuka kilima hatua kwa hatua, mimi nikimngoja afike juu ya kila mguu kabla sijasogea, mpaka kwenye gari.